Notisi ya Kuacha Kazi Haiondoi Stahiki: Mambo ya Kuzingatia kwa Wafanyakazi wa Tarime na Serengeti

Na Mwandishi Wetu, Tarime

Mfanyakazi anayewasilisha barua ya kuacha kazi hujikuta katika kipindi kisichoeleweka vizuri na watu wengi. Bado anaripoti kazini kila siku, lakini wenzake wanamwona kama mtu aliyekwisha kuondoka. Yeye mwenyewe hujiuliza iwapo mshahara wa siku hizo utalipwa wote, iwapo michango yake ya hifadhi ya jamii itaendelea kuwasilishwa, na iwapo likizo aliyokuwa hajaichukua imekwisha kupotea. Kwa kukosa majibu, wapo wanaoona ni afadhali kuondoka kimya kimya siku ileile, wakidhani kwamba hawana tena cha kupoteza.

Dhana hiyo ina gharama, hususan katika wilaya za Tarime na Serengeti mkoani Mara, ambako ajira za watu binafsi zimejikita katika mgodi wa dhahabu wa North Mara uliopo Nyamongo na kampuni zinazouhudumia, katika biashara za mpakani Sirari, na katika hoteli na kambi za watalii zinazoizunguka Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Madereva, wapishi, walinzi, mafundi na walimu wa shule binafsi hubadilisha waajiri mara kwa mara. Makala haya yanafafanua msimamo wa sheria kuhusu kipindi cha notisi, ambao kwa ufupi ni huu: mfanyakazi aliye katika notisi ni mwajiriwa kamili hadi saa ya mwisho ya siku ya mwisho, na stahiki zake zote zinaendelea kama kawaida.

Notisi ni nini na ni ya muda gani

Sheria inayoongoza suala hili Tanzania Bara ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, ambayo ni Sura ya 366 ya Sheria za Tanzania. Kifungu cha 41 kinaweka viwango vya chini vya notisi. Iwapo notisi inatolewa katika mwezi wa kwanza wa ajira, muda wake ni siku zisizopungua 7. Baada ya mwezi huo, mfanyakazi aliyeajiriwa kwa siku au kwa wiki hutoa au hupewa notisi ya siku zisizopungua 4, na aliyeajiriwa kwa mwezi ni siku zisizopungua 28.

Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, kwa sharti moja muhimu: muda huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kumtaka mfanyakazi atoe notisi ya miezi mitatu ilhali yeye amejiwekea mwezi mmoja.

Kifungu hichohicho kinataka notisi iwe ya maandishi, ieleze sababu za kusitisha ajira na tarehe ambayo notisi imetolewa. Tarehe hiyo ndiyo mwanzo wa hesabu zote zinazofuata, hivyo kumwambia msimamizi kwa mdomo kwamba unaondoka mwisho wa mwezi hakutoshi. Barua iandikwe katika nakala mbili, na nakala ya mfanyakazi igongwe muhuri au isainiwe na aliyeipokea. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayomlinda baadaye endapo atadaiwa kuwa alitoroka kazini.

Stahiki zinazoendelea ndani ya notisi

Stahiki ya kwanza ni mshahara. Kila siku ya kazi ndani ya notisi hulipwa kwa kiwango kilekile kilichokuwa kikilipwa kabla ya barua. Vivyo hivyo kwa posho na huduma zilizo sehemu ya mkataba. Kwa mhudumu wa kambi ya watalii ambaye mkataba wake unampa chumba na chakula, au fundi wa kampuni inayohudumia mgodi ambaye hupewa usafiri wa kwenda na kurudi kazini, manufaa hayo ni sehemu ya masharti ya ajira na yanaendelea hadi ajira itakapokoma.

Stahiki ya pili ni hifadhi ya jamii. Kwa wafanyakazi wa sekta binafsi wanaochangia Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), mchango wa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya asilimia 10. Kwa kuwa mshahara wa kipindi cha notisi ni mshahara kama mwingine, nao unachangiwa. Mfanyakazi anashauriwa kukagua taarifa ya michango yake kabla ya siku ya mwisho, kisha airudie mwezi unaofuata, kwa sababu mchango wa mwezi wa mwisho huwasilishwa baada ya mwezi huo kumalizika. Ni rahisi zaidi kufuatilia mwezi uliorukwa wakati ofisi ya rasilimali watu ingali inakufahamu kuliko miaka kumi baadaye unapoandaa madai ya pensheni.

Stahiki ya tatu ni fidia kwa ajali au ugonjwa unaotokana na kazi, inayotolewa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF). Mchango wa mfuko huu hulipwa na mwajiri peke yake na haukatwi kwenye mshahara. Mfanyakazi anayeumia kazini siku ya ishirini ya notisi anayo haki ileile ya fidia aliyokuwa nayo siku aliyoajiriwa. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanaofanya kazi kwenye mitambo, kwenye baruti au barabarani.

Stahiki ya nne ni likizo ya ugonjwa. Mfanyakazi mwenye sifa anayo haki ya siku 126 za likizo hiyo katika mzunguko mmoja wa likizo, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi awasilishe cheti cha daktari. Barua ya kuacha kazi haifuti haki hiyo. Aidha, aliye na bima ya afya kupitia ajira yake anaendelea kuitumia kwa kadiri michango inavyoendelea kukatwa na kuwasilishwa.

Kwa upande mwingine, wajibu nao hauishi. Kodi ya mapato, makato ya mkopo wa elimu ya juu kwa walionufaika nao, na marejesho mengine halali huendelea kukatwa. Mfanyakazi naye anatakiwa kufika kwa wakati, kutii maelekezo halali na kulinda mali ya mwajiri. Kosa la kinidhamu likitendwa ndani ya notisi hushughulikiwa kama kosa lingine lolote.

Likizo isiyochukuliwa hugeuka fedha

Hili ndilo eneo ambalo wafanyakazi wengi hupoteza haki zao bila kujua. Sheria inampa mfanyakazi likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Ajira inapokoma, Kifungu cha 44 kinamtaka mwajiri alipe likizo iliyokuwa haijachukuliwa pamoja na sehemu ya likizo iliyolimbikizwa katika mzunguko ambao haujakamilika. Kiwango ni mshahara wa msingi wa siku moja kwa kila siku 13 ambazo mfanyakazi alifanya kazi au alistahili kufanya kazi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mpishi wa hoteli mjini Mugumu ambaye mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi, na hufanya kazi siku 6 kwa wiki. Mshahara wake wa siku ni takriban shilingi 20,000. Tangu mzunguko wake mpya wa likizo uanze amefanya kazi siku 132, kisha akatoa notisi ya siku 28 yenye siku 24 za kazi. Jumla ni siku 156. Ukigawa kwa 13 unapata siku 12, sawa na shilingi 240,000 za likizo. Ukiongeza mshahara wa siku 24 za notisi, ambao ni shilingi 480,000, kipindi kile alichokiona hakina thamani kinafunga hesabu yake kwa shilingi 720,000 kabla ya kodi na makato mengine ya kisheria.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. Kwanza, sheria hairuhusu notisi itolewe wakati wa likizo wala iende sambamba na likizo. Siku 28 za notisi na siku za likizo ni vitu viwili tofauti, na moja haiwezi kumeza nyingine. Pili, likizo ya zamani sana inaweza kupotea. Likizo inapaswa kuchukuliwa ndani ya miezi 6 baada ya mzunguko wake kumalizika, au ndani ya miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Aliyeacha muda huo upite anaweza kukosa malipo yake. Kwa hiyo anayefikiria kuacha kazi aanze kwa kuangalia rekodi yake ya likizo.

Gharama ya kuondoka bila notisi

Kifungu cha 41 kinasema kwamba mfanyakazi akikataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi, mwajiri anaweza kukata kutoka kwenye fedha anazomdai kiasi ambacho angelipwa endapo angefanya kazi kipindi hicho. Tumrudie mpishi wetu. Akiondoka siku ya 132 bila notisi, kwanza hapati mshahara wa siku 24. Pili, likizo yake inabaki ya siku 10, yaani shilingi 200,000. Tatu, mwajiri anaweza kumkata hadi shilingi 480,000 kutoka kwenye likizo hiyo na mshahara wa siku alizokwisha kuzifanyia kazi. Aliyetarajia kuokoa wiki nne anaweza kuondoka mikono mitupu.

Hata hivyo, kifungu hicho kinamhusu mfanyakazi aliyekataa kufanya kazi. Aliyejitokeza tayari kutumikia notisi, lakini akaambiwa na mwajiri asirudi tena tangu siku ile, hakukataa kazi. Katika mazingira hayo mfanyakazi aombe maelekezo hayo kwa maandishi, au yeye mwenyewe aandike barua fupi akieleza kwamba yuko tayari kuendelea na kazi hadi tarehe iliyotajwa. Njia nyingine ni makubaliano: pande mbili zikiridhiana kufupisha notisi, ridhaa hiyo iandikwe na isainiwe, ikitaja tarehe ya mwisho na malipo yatakayofanyika.

Mikataba ya muda maalumu na ajira za msimu

Maelezo ya hapo juu yanamhusu mwenye mkataba usio na ukomo. Mwenye mkataba wa muda maalumu, kwa mfano wa mwaka mmoja au miwili, yuko katika nafasi tofauti. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinaeleza kwamba mfanyakazi huyo anaweza kuacha kazi kabla ya muda endapo mwajiri amekiuka mkataba kwa kiwango kikubwa. Pasipo ukiukwaji huo, njia halali ni kukubaliana na mwajiri kuumaliza mkataba mapema. Ni vyema basi kusoma mkataba kabla ya kuandika barua, kwani barua ileile iliyo halali kwa jirani yako inaweza kuwa uvunjaji wa mkataba kwako.

Katika Wilaya ya Serengeti, kambi nyingi za watalii hufuata msimu wa nyumbu wanaohama kuelekea kaskazini katikati ya mwaka, na baadhi ya wafanyakazi huitwa kwa miezi michache kisha huachwa. Kwa kawaida mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo. Lakini sheria imeweka kando wafanyakazi wa msimu, ambao wanayo haki hiyo na hulipwa sehemu ya likizo kila msimu unapomalizika. Vilevile, aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na vipindi hivyo vikijumlishwa vinazidi miezi 6, anastahili.

Kwa wakazi wa Sirari na maeneo ya jirani wanaofanya kazi ng'ambo ya mpaka, Isebania au Migori, mikataba yao ya huko inaongozwa na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007. Sheria hiyo nayo ina notisi ya siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, lakini madai yake hushughulikiwa na vyombo vya Kenya.

Kisichopatikana kwa anayeacha kwa hiari

Kiinua mgongo kinachotajwa na Kifungu cha 42, ambacho ni mshahara wa msingi wa siku zisizopungua 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeacha kazi kwa hiari yake hakistahili kisheria, isipokuwa kama mkataba wake au mkataba wa hali bora unampa. Fao la upotevu wa ajira nalo limewekwa kwa ajili ya aliyepoteza kazi pasipo hiari yake, si kwa aliyechagua kuondoka.

Aliyelazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameyafanya mazingira yasivumilike yuko katika kundi jingine. Sheria inatambua kwamba kuacha kazi kwa namna hiyo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kuachishwa. Mfanyakazi wa aina hii asiandike barua ya shukrani na kuaga. Aeleze sababu halisi ndani ya barua, kwa kuwa barua hiyo itakuwa ushahidi.

Kuhusu nauli, Kifungu cha 43 kinazungumzia mfanyakazi ambaye mkataba wake umekoma mahali tofauti na alikoajiriwa. Mwajiri humsafirisha na mizigo yake, hulipia usafiri huo, au hutoa posho isiyopungua nauli ya basi hadi kituo kilicho karibu na alikoajiriwa. Cha kuangalia ni mahali pa kuajiriwa palipoandikwa kwenye mkataba. Aliyeajiriwa Arusha na kupangiwa kambi ya Serengeti ana hoja tofauti na aliyeajiriwa Mugumu.

Makato ya madeni na vifaa

Si kila kato la siku ya mwisho ni halali. Kifungu cha 28 kinaruhusu makato yanayotokana na sheria, amri ya mahakama au makubaliano, na yale ambayo mfanyakazi ameyaridhia kwa maandishi kuhusu deni. Iwapo mwajiri anadai hasara au uharibifu, hasara hiyo iwe imetokea katika utendaji wa kazi na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri aeleze kwa maandishi sababu, kiasi na namna alivyokokotoa, na mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Makato hayo yasizidi robo ya ujira wa fedha. Ili kuepuka mabishano, mfanyakazi akabidhi sare, redio za mawasiliano, funguo, kofia ngumu na vitambulisho kwa orodha inayosainiwa na pande zote mbili.

Watumishi wa umma

Walimu, wahudumu wa afya na watumishi wengine wa halmashauri huongozwa pia na Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298, pamoja na kanuni zake. Mtumishi wa umma anayetaka kuacha kazi apitishe barua kwa mwajiri wake na apate ufafanuzi wa Afisa Utumishi kabla ya kuondoka kituoni. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtumishi wa umma anatakiwa kumaliza kwanza njia za rufaa zilizo ndani ya sheria hiyo kabla ya kutafuta nafuu kwenye sheria za kazi.

Siku ya mwisho na baada yake

Ajira inapokoma, mwajiri anapaswa kulipa ujira wa kazi iliyofanyika, malipo ya likizo na stahiki nyingine zinazohusika. Pia anawajibika kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi. Cheti hicho ni haki, na mwajiri hawezi kukizuia kwa sababu hakufurahishwa na uamuzi wa mfanyakazi. Mfanyakazi asisaini hati ya kukiri kulipwa kikamilifu kabla ya kuona mchanganuo wa hesabu.

Ambaye hakupewa mkataba wa maandishi asikate tamaa. Sheria inasema mwajiri akishindwa kutoa mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi katika shauri, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni la mwajiri huyo.

Mgogoro ukishindikana kumalizwa ofisini, chombo cha kuendea ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo kwa Mkoa wa Mara ina ofisi Musoma. Shauri hufunguliwa kwa fomu namba 1 ya Tume, ambayo nakala yake hukabidhiwa pia kwa mwajiri. Muda ni jambo la kuzingatia sana: anayedai kuachishwa isivyo halali, pamoja na aliyelazimishwa kuacha, ana siku 30 tangu ajira ikome, madai mengine, kama mshahara na likizo, ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Wafanyakazi walio wanachama wa vyama kama TAMICO kwa migodi na CHODAWU kwa hoteli wanaweza kupata msaada wa viongozi wao. Afisa Kazi wa Mkoa naye hutoa ushauri.

Kwa muhtasari, mfanyakazi anayekusudia kuacha kazi asome mkataba wake na kujua aina na muda wa notisi. Akague likizo na michango yake. Aandike barua yenye tarehe na kubaki na nakala iliyopokelewa. Atumikie notisi yote au apate ridhaa ya maandishi ya kuifupisha. Akabidhi mali kwa orodha. Kisha apokee mchanganuo wa malipo na cheti cha utumishi. Mwajiri naye akifuata hatua hizo hujiepusha na mashauri yasiyo ya lazima, na hubaki na wiki nne za kutafuta na kumwelekeza atakayeshika nafasi hiyo.